Ndizi Chini ya Ugali

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia. Hata huko ulipo ungenikata jicho na kusema, "Koku, siku hizi unaanza tu, hivihivi?" Basi shikamoo.

Leo Jumapili. Nimerudi kanisani, nimekaa kwenye kiti chako cha dirishani, kile ambacho hukutaka mtu mwingine akikalie. Utanisamehe. Hapa Kiseke mambo ni yaleyale. Paka wa jirani bado anaingia jikoni kukutafuta, sijui nani alimzoesha dagaa. Kile kipimo chako cha sukari nimempa mama wa nyumba ya pili, maana chake kilikuwa kinamdanganya.

Lakini sikukaa hapa kukupa habari za paka. Kesho asubuhi ripoti ya utafiti wetu inatumwa, na ndani yake kuna ukurasa unaokuhusu. Sikutaka uusikie kwa watu.

Nianze na hasira, niimalize. Nilikukasirikia, Mama. Wiki tatu nzima sikuweza kuangalia picha yako pale sebuleni bila kuuma meno. Mtu anafiwa na mama yake, badala ya kulia anagombana naye! Nilikuwa naosha vyombo huku nabishana na wewe kwa sauti, mpaka dada wa jirani akaja kuuliza kama nina wageni. Nikamwambia ndiyo, ninaye mmoja, mbishi sana.

Unakumbuka siku nilipokueleza kazi yetu? Ulikuwa kwenye lile jiko dogo nyuma ya kitengo chetu pale hospitali, unachambua maharage. Ulikuwa umeshakubali kuwapikia wagonjwa wa utafiti kabla hata hujajua tunatafuta nini. Nikakwambia, Mama, kuna sukari tunawapa wanywe, imewekwa alama. Ni sukari kama nyingine, tamu ileile, ila kaboni yake ni ya aina iliyo nzito kidogo. Haina mionzi, haimdhuru mtu, hata hewa tunayovuta inayo kidogo. Mtu akishainywa tunamlaza kwenye mashine ya sumaku. Ile kaboni nzito ikiwa ndani ya sumaku kubwa hujibu kwa namna yake, na sisi tunasikiliza ini, tunajua sukari kiasi gani imewekwa akiba. Halafu kila nusu saa anapuliza pumzi kwenye mfuko. Tunaipima, tunajua sukari kiasi gani mwili umeichoma.

Ukaacha kuchambua. Ukasema, "Kwa hiyo mmeitia sukari alama kama Msukuma anavyomtia alama ng'ombe wake, halafu mnaifuata malishoni." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Daktari Masunga, mkuu wetu, Msukuma mwenyewe, alipoisikia akaanza kuwasimulia wageni wanaokuja kukagua kitengo, na hakukutaja hata siku moja.

Na ulijua kwa nini tunatafuta. Ulikuwa na kisukari miaka yote ile huku mikono yako ni myembamba kama ya msichana. Yule nesi alikwambia mbele yangu kwamba kisukari ni ugonjwa wa watu wanene, labda umekosea foleni. Ulirudi nyumbani, ukapanda kitandani na viatu. Wako wengi kama wewe, Mama, wembamba, waliokua kwa shida ya chakula, wana kisukari, na wanatibiwa kwa maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya miili mingine. Ndiyo maana uliniambia, "Mimi nitapika, nyie tafuteni." Ukawa unaingia jikoni kabla walinzi hawajabadilishana zamu.

Sasa sikiliza kilichotokea baada ya wewe kuondoka.

Msiba tuliuweka hapa Kiseke siku mbili kabla ya kukupeleka Muleba. Watu walijaa mpaka barabarani. Daktari Masunga alisimama, akasema katika jiko lako halijawahi kutokea kosa hata moja. Nililia kwa fahari. Alipokaa, Ta Rwegasira, yule mzee wa kwetu, fundi cherehani wa Mkuyuni aliyekuwa mmoja wa wagonjwa wetu, akanivuta pembeni ya turubai. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yanamtiririka, akasema, "Mwanangu, mama yako alikuwa mtu. Zile siku tatu za ugali zingenimaliza. Alinipakulia ndizi chini, akanifunikia ugali juu, mwembamba tu, wakubwa wenu wasione."

Nilimshukuru. Sikuelewa alichoniambia, naapa. Niliona ni wema wako wa kila siku, mtu anaugua mbali na kwao na wewe unamtafutia kitonge cha kwao. Tukakubeba, tukavuka ziwa pale Kigongo, tukakuzika kibanjani karibu na Baba, migomba imekuzunguka kama ulivyotaka.

Wiki niliyorudi kazini, Daktari Masunga aliniita ofisini. Uso unamng'aa. Alikuwa ameona jambo. Wagonjwa saba hawafanani na wenzao. Kwenye sumaku ini lao lilikuwa kama la wengine, linaweka akiba sawasawa, lakini pumzi yao ilikuwa na kaboni nzito kidogo mno, maana yake miili yao haichomi sukari. Akanigeuzia karatasi yenye majina. Rwegasira, Mutalemwa, Kokugonza. Wote saba Wahaya. Akasema, "Koku, watu wa kwenu wana kisukari chao peke yao!" Alishaanza kuandika sura nzima ya ripoti. Alishaanza kupendekeza watu wa Kagera wapewe dozi kubwa zaidi ya insulini kuliko wagonjwa wengine.

Maneno ya Ta Rwegasira yalinirudia yote kwa mpigo.

Ngoja nikueleze nilichopaswa kukueleza ukiwa hai. Mahindi, mtama na muwa huchukua kaboni nzito kutoka hewani zaidi kuliko mgomba na maharage. Ndivyo mimea hiyo ilivyoumbwa. Tofauti ni ndogo sana, lakini mashine inayopima pumzi inaiona. Mtu wa ugali anapumua kaboni nzito zaidi ya mtu wa ndizi hata kabla hajaonja sukari yetu. Ndiyo maana tuliweka ile sheria uliyoilalamikia, kila mgonjwa ale ugali wa mahindi siku tatu, ili wote waanze mahali pamoja. Na kwa kuwa mifuko ya kupulizia ilikuwa michache, tulipima pumzi ya kuanzia kwa watu wachache tu, tukakitumia kiwango chao kwa wote. Wale saba walianzia chini, sisi tukawahesabia juu. Ikaonekana sukari yetu imepotelea njiani. Haikupotea popote. Kilichopungua kilikuwa ugali.

Mimi nilikwambia tu, "Sheria ni sheria, Mama." Ya ng'ombe na alama nilikueleza, hii ya mahindi na ndizi sikukueleza, nikajiona mimi ndiye msomi na wewe itakuchosha. Wewe! Uliyekuwa ukiniuliza maswali ambayo wanafunzi wa udaktari hawajawahi kuniuliza. Ningekueleza usingempa mtu hata kipande cha ndizi. Ungewatolea macho mpaka wamalize ugali.

Hilo la kwanza. La pili ndilo linalonichoma.

Kila sahani ilipotoka jikoni ilitakiwa mimi niifunue, nikague kilichomo, niipime, nisaini fomu. Kupima nilipima. Gramu zilikuwa sawasawa kila siku, maana mkono wako ulikuwa unajua uzito kuliko mizani, na mizani haijui ndizi na ugali. Kukagua sikukagua. Ningeanzaje? Ningechukua kijiko nikaanza kuchokonoa chakula ulichopakua wewe, mbele ya wagonjwa, wewe umesimama hapo na kanga yako kiunoni? Mtoto gani anafanya hivyo? Ungeniona sikulelewa, na wagonjwa wangeniona hivyohivyo. Nikaweka tiki kwenye kisanduku, nikasaini, siku baada ya siku. Angekuwa mpishi mwingine, Mama, ningefunua. Wallahi ningefunua, na ningemsema.

Siku ile nilimwambia Daktari kichwa kinaniuma, nikaondoka, nikaenda moja kwa moja Mkuyuni kwa Ta Rwegasira. Nilitaka kuwa na hakika. Alikuwa anashona sare za shule, tepu imening'inia shingoni. Akanirudia yaleyale, na akaongeza kwa raha kabisa kwamba hakuwa peke yake. "Tulikuwa tunakonyezana wodini!" Jamani! Mimi napita na fomu zangu, nimevaa koti jeupe, wazee wanakonyezana nyuma yangu.

Wiki zilizofuata nikawafuata wengine sita mmoja mmoja. Wanne walikiri. Mmoja alisema anakumbuka ndizi lakini hakumbuki siku. Wa mwisho, Ma Kokugonza, alinikatalia katakata. Alikula ugali wote, hakupewa kitu, marehemu asisingiziwe. Nikamuuliza mara tatu. Mara ya tatu akasimama, akanifungulia mlango, akasema, "Mama yako amelala. Usimwamshe kwa aibu." Nilikuwa nimeshatoka uani aliponiita, akaniuliza kama kuna mtu ataumia akinyamaza. Nikamwambia ndiyo. Watu watapewa insulini nyingi kuliko wanayohitaji, sukari itawashuka, watazimia wakiwa shambani au wakiwa wanavuka barabara, na wengine hawataamka. Wa kwanza utakuwa wewe, Ma Kokugonza. Akaegemea mlango. Akasema alikula ndizi siku zote tatu, na zilikuwa tamu.

Siku hiyo nilirudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Nilipita kando ya ziwa, sikuona ziwa. Nilikuwa nachagua. Ningenyamaza, jina lako lingebaki lilivyosemwa pale kwenye turubai, jiko lisilo na kosa, na Daktari angenipenda. Na mahali fulani Karagwe au Muleba mama mmoja mwembamba angechomwa sindano isiyomfaa kwa sababu ya sahani niliyoisaini mimi. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshaamua. Ndiyo maana nilikuwa nagombana na wewe kwenye sinki la vyombo. Nilikuwa nakuomba ruhusa, na ulikuwa hujibu.

Asubuhi nilimwambia Daktari Masunga kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapiga meza mpaka chai ikamwagika kwenye ile sura yake ya kisukari cha Wahaya. Akanifokea, akazunguka chumba, akafungua dirisha, akalifunga. Sikumlaumu. Mtu aliyekuwa anaota jina lake limeandikwa mahali, amenyang'anywa na ndizi.

Baada ya saa moja akarudi mpole. Akafunga mlango, akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. Alisema, "Tutaandika mpishi alikiuka utaratibu. Ndiyo ukweli. Mama hayupo, hakuna atakayemfukuza kazi. Wewe bado una safari mbele." Alikuwa anamaanisha yale mafunzo ya mwaka mzima ya mashine ya sumaku, nje ya nchi, ambayo nilikuwa nimeshachaguliwa. Alisema kwa nia njema, Mama, nakwambia ukweli. Na ni kweli wewe ulipakua.

Nilimwomba siku moja. Nitakuficha nini, nilitamani. Nililala nikiwaza kwamba wewe mwenyewe ungesema ndiyo. Tena ungesema haraka, ungesema "Niandikeni mimi, mtoto aende zake." Ndivyo ulivyokuwa. Na hapo ndipo nilipoacha kukukasirikia, kwa sababu nilikuona kabisa ukiniambia hivyo, na nikajua sitakubali. Wewe ulivunja sheria ambayo hakuna aliyekueleza maana yake. Mimi maana yake naijua, nimeisomea, nikatia tiki. Hayo si makosa ya ukubwa mmoja.

Kwa hiyo niliandika barua kwa kamati inayosimamia utafiti, nikatia jina langu. Nilisema ukaguzi wa sahani ulikuwa kazi yangu na sikuufanya. Niliandika pia kwamba mpishi hakuelezwa sababu ya mlo, na aliyepaswa kumweleza ni mimi. Wakaniita. Walikuwa watano upande mmoja wa meza, mimi peke yangu upande wa pili. Mmoja akaniuliza kwa nini sikukagua. Nikamwambia mpishi alikuwa mama yangu. Wakaangaliana. Mzee mmoja kati yao akavua miwani akaifuta, akasema hata yeye asingefunua. Halafu wote wakasaini barua ya onyo. Mafunzo amepewa mwenzangu wa chumba cha pili. Nimemwazima sanduku langu la safari, lile la bluu, na sikulia alipokuja kulichukua. Nililia baadaye kidogo, si sana.

Wale saba tuliwaita tena. Wote walikuja, hata Ma Kokugonza, kavaa kitenge cha kanisani. Safari hii kila mtu alipulizia mfuko wake wa kuanzia, mapema, kabla ya kunywa chochote, ingawa mifuko ilibidi tuisubiri miezi miwili. Siku tatu walikula ugali, na mimi nilikaa nao mezani nikala nao ugali uleule. Kila sahani niliifunua mbele yao, nikamweleza kila mmoja kwa nini nafunua, na kwa nini mahindi na ndizi havifanani. Ilichukua muda. Ta Rwegasira alimeza kila tonge kama kidonge, akasema anakula kwa heshima yako tu, si kwa heshima ya serikali. Siku ya nne wakanywa sukari yenye alama, wakavua saa na pete, wakaingia kwenye sumaku mmoja baada ya mwingine, wakatoka, wakapuliza.

Pumzi zao, Mama, zilikuwa kama za wenzao. Sukari yote tuliyoitafuta ilikuwepo. Hakuna kisukari cha Wahaya. Nilimpelekea Daktari Masunga karatasi, akazisoma akiwa amesimama, akarudia kusoma, kisha akaifuta sura yake yote mbele yangu. Alipomaliza akaniuliza kama nimekula.

Kilichobaki ni kile ambacho sumaku ilikuwa inatuambia tangu mwanzo na sisi tulikipita mbio kwa sababu ya ile habari kubwa. Maini ya wagonjwa wetu wembamba, Wasukuma, Wahaya, Wakerewe, yanapokea sukari vizuri insulini ikiwepo. Shida yao ni kwamba insulini yenyewe ni chache. Bado ni watu wachache, hatuwezi kusema sana, lakini ni kweli, na inawatosha wale wanaoambiwa wamekosea foleni. Jina lako limo kwenye shukrani, kamili, ubini na ukoo. Daktari mwenyewe ndiye aliyeliandika.

Kuna kundi jipya linaanza mwezi ujao. Nimebadilisha utaratibu. Kila mgonjwa atakula chakula cha kwao, wa ndizi ndizi, wa ugali ugali, wa muhogo muhogo, na kila mmoja atapimwa kwa pumzi yake mwenyewe ya kuanzia. Kazi ni mara mbili. Mpishi mpya ni mama wa Kisukuma, mkali, hataki mtu jikoni kwake. Juzi nilikaa naye asubuhi nzima, nikamweleza kaboni mwanzo mpaka mwisho, akaniuliza maswali kumi na moja. Mawili nimeshindwa kuyajibu, naenda kuyasoma. Mafunzo nitaomba tena mwakani, na mwaka unaofuata ikibidi. Sumaku hiyo nitaijua tu.

Nakuahidi hivi. Sitasaini tena kitu ambacho sijakiona kwa macho yangu, hata kikiwa kimepakuliwa na mtu ninayempenda. Na sitamficha tena mtu sababu ya jambo kwa kudhani hataielewa.

Basi kwaheri, Mama. Nitakuja Muleba Krismasi, nipalilie pale ulipolala. Kesho ripoti ikitoka watu watasoma, na najua maneno yatafika mpaka kijijini kwamba Koku alizembea kazini. Yakikufikia huko, nakuomba kitu kimoja tu. Maisha yako yote ulinitetea, kwa walimu, kwa Baba, kwa majirani, hata nilipokuwa na makosa. Safari hii kaa kimya. Hili ni langu.

Mwanao,
Koku